Sentimita 36: historia ya bagi ya mchangani iliyoanzia uani

Chukua karatasi moja ya daftari. Ishike upande mmoja kwa vidole, uiache upande wa pili hewani. Italala chini kama kitambaa kilicholowa. Sasa ipinde kidogo iwe kama mfereji wa maji ya paa, halafu ishike tena vilevile. Safari hii inasimama, na ukitaka unaweza kuiwekea kalamu juu isianguke. Karatasi ni ileile, uzito ni uleule. Kilichobadilika ni umbo tu.

Lishike hilo jaribio kichwani, tutalihitaji. Leo nataka tuzungumzie gari moja dogo la ajabu linaloitwa Meyers Manx, na zaidi ya gari lenyewe, tuzungumzie kazi ya kutengeneza vipande vyake: kukata, kuchomelea, kumimina faiba, kupinda mabomba. Huenda umeliona kwenye picha bila kujua jina lake. Halina milango, halina paa, taa mbili zimetokeza mbele kama macho ya chura, na matairi ya nyuma ni mapana kuliko ya mbele. Watu wengi huliita tu bagi.

Nimelichagua kwa sababu historia za magari tunazozisoma karibu zote ni historia za viwanda vikubwa. Hii ni ya gereji na uani. Ni ya mtu mwenye grainda mkononi, mashine ya kuchomelea ya kuazima na gari bovu la mtumba, ambaye anataka kitu kisichouzwa dukani.

Mwenyewe aliitwa Bruce Meyers. Alizaliwa Los Angeles mwaka 1926, akakulia kwenye fukwe za kusini mwa California. Vita Kuu ya Pili ilimkuta jeshini, katika manowari ya kubeba ndege USS Bunker Hill, ambayo tarehe 11 Mei 1945 ilipigwa na marubani wawili wa Kijapani waliojitoa mhanga karibu na Okinawa. Mamia ya mabaharia walikufa siku ile. Meyers alinusurika. Baada ya vita alisoma sanaa, akatengeneza mbao za kuteleza juu ya mawimbi, kisha akaingia kwenye ujenzi wa boti za faiba. Hapo ndipo penye siri yote. Yeye hakuwa fundi magari aliyejifunza faiba. Alikuwa fundi boti aliyeamua kutengeneza gari, na ukiangalia kazi yake unaona boti kila mahali.

Hebu tukae hapa kwenye faiba kidogo, maana ni kitu tunachokiona kila siku (matangi, boti za uvuvi, bampa za mabasi) bila kujiuliza kinafanyaje kazi. Ni vitu viwili. Cha kwanza ni nyuzi za kioo, nyembamba sana, zilizofumwa kama kitambaa au kutawanywa kama mkeka. Nyuzi hizi zina nguvu kubwa ukizivuta, lakini ukizisukuma zinajikunja tu. Cha pili ni resini ya poliesta, uji mzito unaonata, ambao ukigandishwa peke yake unavunjika kama sahani. Ukiloweka nyuzi ndani ya uji huo na kuuacha ugande, kila kimoja kinafunika udhaifu wa mwenzake.

Wengi husema resini "inakauka". Haikauki bwana! Rangi ya maji hukauka kwa sababu maji yanaondoka. Resini hugeuka. Unaichanganya na kigandishi, kwa kawaida aina fulani ya peroksaidi, na kigandishi hicho kinaanzisha mnyororo: molekuli ndefu za poliesta zinaanza kufungwa pamoja na molekuli fupi za staireni, mpaka zote zinakuwa wavu mmoja mkubwa. Kazi hiyo inatoa joto. Ukizidisha kigandishi, chombo kinachemka mkononi na kipande kinapasuka. Ukipunguza, kinabaki kunata wiki nzima. Ndiyo maana fundi mzuri wa faiba huangalia hali ya hewa kabla ya kupima, kwa kuwa kipimo cha asubuhi yenye baridi si kipimo cha saa nane mchana.

Na umbo? Kwa umbo unahitaji kalibu. Kwanza unachonga mfano wa kitu unachokitaka, kwa mbao, plasta, povu, chochote kile, na unausugua kwa msasa mpaka ung'ae. Juu ya mfano huo unalaza faiba, ikiganda unaitoa: hiyo ndiyo kalibu. Kisha ndani ya kalibu, iliyopakwa nta ili isishike, unalaza faiba nyingine, na hicho ndicho kipande chako. Baada ya hapo unaweza kutoa vipande mia kwa kalibu ileile.

Kama umewahi kupika mkate wa kumimina unajua shida iliyopo. Sufuria yenye mdomo mpana kuliko kitako hutoa mkate bila ugomvi. Chungu chenye shingo nyembamba hakitoi mkate, labda ukivunje. Kalibu ni hivyohivyo. Kila mteremko, kila kona ya bodi lazima iwe imelalia upande wa kutokea. Meyers, kwa kuzoea matumbo ya boti, alichora gari ambalo karibu lote ni mikunjo laini inayotoka kwenye kalibu bila kung'ang'ania. Na mikunjo hiyo haikuwa urembo peke yake. Rudi kwenye karatasi yetu: faiba nyembamba iliyo bapa inacheza kama ngoma, ila iliyopindwa inasimama imara. Madugadi yale ya mviringo, yanayowafanya watu watabasamu wakiiona Manx, ndiyo mfereji wako wa karatasi.

Sasa twende kwenye mchanga. Pwani ya California kuna mahali panaitwa Pismo Beach, penye vilima vya mchanga, na kabla ya Meyers watu walikuwa tayari wanacheza huko na magari waliyoyakatakata wenyewe. Mengi yalikuwa na injini kubwa za V8 zenye rejeta, chesisi nzito, na nguvu ya kulazimisha. Ila palikuwa na watu wachache waliovua bodi ya Volkswagen na kuendesha mifupa iliyobaki. Meyers aliona kwamba vile vigari vya injini ndogo vinapanda vilima ambavyo vigogo vinazama.

Sababu si miujiza. Volkswagen ile ya mgongo wa kobe ina injini nyuma, juu ya magurudumu yanayosukuma. Karibu asilimia 60 ya uzito wake iko nyuma, na ukianza kupanda kilima uzito unahamia nyuma zaidi, yaani gurudumu linalofanya kazi ndilo linalokandamizwa. Injini inapozwa na hewa, kwa hiyo hakuna rejeta ya kutoboka wala maji ya kuchemka. Sakafu yake ni bati bapa lililofunga sehemu ya chini, halina vitu vingi vinavyoning'inia na kunasa. Zaidi ya yote, ni nyepesi. Kobe mzima ana kilo zisizofika 800. Ukimvua bodi ya chuma na kumvisha ya faiba, unabaki na karibu kilo 600. Gawanya mwenyewe: injini ileile sasa inabeba robo pungufu, ni kama umeiongezea zaidi ya robo ya nguvu bila kufungua hata nati moja.

Sisi huku tulikuwa na ushahidi wetu kwamba kobe si gari la mchezo. Mbio za magari za Afrika Mashariki, zilizoanza mwaka 1953 na kupita Kenya, Uganda na Tanganyika kwenye vumbi na tope, zilishindwa na Volkswagen ya aina hiyo mwaka 1954, tena 1957, tena 1962. Miaka hiyo rali ya Safari ilikuwa inavunja magari makubwa vipande vipande.

Meyers alimaliza gari lake la kwanza mwaka 1964, akalipaka rangi nyekundu. Mpaka leo linaitwa Old Red. Jina Manx alilichukua kutoka kwa paka wa kisiwa cha Man, wale wasio na mkia, kwa sababu gari lake nalo lilikuwa fupi lisilo na kitako.

Hapa kuna jambo ambalo wasimuliaji wengi hulipita haraka, na kwangu mimi ndilo lenye utamu. Gari lile la kwanza halikuwa bodi ya faiba juu ya sakafu ya Volkswagen. Bodi yenyewe ndiyo ilikuwa chesisi, kama boti. Injini, giaboksi, magurudumu, vyote vya Volkswagen vilifungwa kwenye faiba iliyotiwa vyuma vya kuimarisha. Kitaalamu ni kazi safi. Kibiashara ilikuwa balaa. Kila moja ilikula saa nyingi mno za kazi, na Meyers alitengeneza 12 tu kabla ya kukubali kwamba kwa njia ile hatapata faida. Uzuri wa kihandisi ulikuwa unamfilisi.

Akarudi mezani akaja na wazo ambalo ukilitazama unasema, mbona hili lilikuwa wazi? Mteja tayari ana kobe bovu. Huko Marekani miaka ya 1960 yalikuwepo mengi, yaliyogongwa, yaliyooza bodi, bei ya kutupa. Sakafu yake ni nzima. Basi mwuzie bodi ya faiba tu, halafu mwambie aifupishe sakafu mwenyewe.

Aifupishe kwa takriban sentimita 36.

Ndugu msomaji, hapo ndipo historia inapohama kutoka kwenye karakana ya mtu mmoja na kuingia katika maelfu ya gereji za nyumbani. Kwa sababu kukata gari katikati si kama kufupisha suruali.

Kwa nini kukata, kwanza? Umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma ya kobe ni sentimita 240. Ukivuka kichuguu, magurudumu ya mbele yakishateremka na ya nyuma hayajapanda, tumbo linakaa juu ya kichuguu na gari linaning'inia. Pembe ya kichuguu kikali kabisa unachoweza kuvuka inategemea vitu viwili: tumbo liko juu kiasi gani, na ekseli zimeachana kiasi gani. Tuseme tumbo liko sentimita 25 kutoka chini. Kwa ekseli zilizoachana sentimita 240, pembe ni kama nyuzi 23 na nusu. Kata sentimita 36, ibaki 204, pembe inafika nyuzi 27 na nusu. Nyuzi nne hazisikiki nyingi ukizisoma hapa. Kwenye mchanga ni tofauti ya kupita na kuchimba kwa koleo. Tena gari fupi linakata kona kwa duara dogo, na lina bati pungufu la kubeba.

Haya, sasa kazi. Sakafu ya kobe ina uti wa mgongo: handaki la bati linalopita katikati kutoka mbele hadi nyuma, na pembeni mwake mabati mawili mapana. Nguvu iko kwenye handaki. Na ndani ya handaki ndimo yanamopita karibu mambo yote: fimbo ya gia, kebo ya klachi, kebo ya mafuta, kebo za breki ya mkono, bomba la petroli. Ukipitisha msumeno hovyo umekata mishipa yote kwa pigo moja. Kwa hiyo unatangulia kuchomoa kila kinachochomoka, na bomba la petroli unalikausha kabisa kabla ya cheche yoyote. Unachora mistari miwili, unapima mara tatu, ndipo unakata, unatupa kile kipande cha katikati na kusogeza nusu mbili zikutane.

Sasa kila kilichokuwa kirefu kinahitaji kufupishwa kivyake. Vibomba vinavyoongoza kebo lazima vikatwe na kuungwa kwa mkono wa bomba jingine, na ndani pasibaki hata kijino kimoja cha chuma, la sivyo kebo itakatika njiani. Bomba la breki linakatwa na mdomo wake kupanuliwa upya kwa kifaa chake, si kuungwa kwa gundi au kuchomelewa, maana hapo ndipo roho yako ilipo. Lakini kinachowatoa watu jasho ni fimbo ya gia. Ni bomba refu tu la chuma, unakata sentimita 36, unachomelea, kwisha. Kumbe haikwishi. Ncha ya nyuma ya fimbo ina mkono unaoingia kwenye giaboksi kwa pembe maalumu. Ukichomelea fimbo ikiwa imezunguka nyuzi chache tu kutoka pale ilipokuwa, utapata gia mbili na kuzikosa nyingine mbili, au utakosa rivasi kabisa. Dawa yake ni ya bei rahisi kuliko zote: kabla ya kukata, unachora mstari mnyoofu kwa msumari kwenye urefu wote wa fimbo. Baada ya kukata, unazungusha mpaka mstari ukutane. Fundi aliyesahau mstari huo hujulikana kwa matusi yanayosikika nyumba ya tatu.

Halafu kuchomelea sakafu yenyewe. Chuma kikipata moto kinatanuka, kikipoa kinasinyaa, na kinaposinyaa kinavuta kila kilichoshikana nacho. Bati jembamba ndilo baya zaidi. Ukianza upande wa kushoto ukaenda mfululizo hadi kulia, ukimaliza sakafu imepinda kama chapati iliyoachwa juani. Kwa hiyo unatia nukta kwanza: moja huku, moja kule, moja juu, moja chini, unaacha ipoe, unapima tena. Unapima pembe kwa pembe, yaani kutoka ekseli ya mbele kushoto hadi ya nyuma kulia, na kinyume chake. Namba mbili lazima zilingane. Zikikataa, nusu ya nyuma haikukaa sawa na ya mbele. Kosa la nyuzi moja tu, kwenye urefu wa sentimita 204, linahamisha ekseli ya nyuma kwa sentimita tatu na nusu upande mmoja. Gari litakwenda, ila litakwenda kama kaa, uso huku na mwili kule.

Kuna kipande kimoja cha kobe ambacho kila nikikifikiria nakivulia kofia, na sidhani kama wahandisi wake walijua kitawasaidia watu wa bagi. Kobe hana springi za kujizungusha. Ana vyuma vya kunyongwa: fimbo imara, mwisho mmoja umefungwa kwenye chesisi, mwingine kwenye mkono wa gurudumu. Gurudumu likipanda, fimbo inanyongwa, kisha inarudi. Sasa ukiondoa kilo karibu 200 za bodi, fimbo zinabaki na nguvu ya kubeba mzigo usiokuwepo, na gari linainuka lenyewe. Kwa tumbo ni habari njema. Kwa magurudumu ya nyuma ni mbaya, maana yanainamia ndani kwa chini kama miguu ya mtu mwenye matege ya ndani, na gari linaweza kupinduka kwenye kona. Inabidi uzizungushe zile fimbo upya.

Kila fimbo ya nyuma ina meno kwenye ncha zote mbili: upande wa ndani meno 40, upande wa nje meno 44. Jino moja la ndani ni nyuzi 9. Jino moja la nje ni nyuzi 8 na sehemu 18 za mia. Ukisogeza jino moja la ndani mbele na jino moja la nje nyuma, umebadilisha pembe kwa tofauti yake tu, chini ya nyuzi moja! Meno makubwa, imara, yasiyovunjika, lakini kipimo chake ni chembamba kuliko jino lenyewe. Ni hesabu ileile ya kipimio cha vernia ulichokitumia maabara ya fizikia kidato cha tatu, isipokuwa hapa imefungwa kwenye mguu wa gari.

Magurudumu nayo yalipanuliwa. Watu walichukua rimu ya chuma, wakaikata mzunguko mzima, wakaingiza ukanda wa bati katikati na kuchomelea. Tairi pana, upepo kidogo. Gari la kilo 600 na watu wawili ni kama kilo 750. Kwa upepo wa kawaida wa barabarani kila tairi inagusa chini kwa eneo la kama sentimita mraba 100. Toa upepo mpaka iwe karibu nusu ya hapo au pungufu, eneo linakuwa zaidi ya mara mbili, na mchanga uliokuwa unazama sasa unabeba. Ngamia anafahamu hesabu hii siku nyingi.

Mauzo yalianza polepole. Kilichoyalipua ni safari moja. Mwaka 1962 mwendesha pikipiki Dave Ekins alikuwa ameteremka rasi ya Baja California huko Mexico, kutoka Tijuana hadi La Paz, karibu kilomita 1,500 za mawe, mchanga na njia zisizo na lami, kwa saa 39 na dakika 56. Aprili 1967 Meyers na rafiki yake Ted Mangels walipita njia hiyo kinyume, kutoka La Paz kupanda Tijuana, ndani ya Old Red, kwa saa 34 na dakika 45. Kigari cha faiba cha uani kilikuwa kimeipiga pikipiki kwa saa tano. Magazeti ya magari yakaandika, maagizo yakamiminika. Mwisho wa mwaka huohuo yakaandaliwa mashindano rasmi kwenye njia ile, Mexican 1000, na Manx ikashinda tena ikiwa na Vic Wilson na yuleyule Mangels, kwa saa 27 na dakika 38. Mashindano hayo ndiyo baba wa Baja 1000 inayoendeshwa mpaka leo.

Sasa tungetegemea Meyers awe tajiri. Haikuwa hivyo.

Kumbuka jinsi kalibu inavyotengenezwa: unahitaji mfano uliong'arishwa, unaupaka nta, unalaza faiba juu, ikiganda unatoa. Je, mfano huo lazima uuchonge mwenyewe? Hapana. Unaweza kununua Manx moja, ukaipaka nta, ukalaza faiba juu yake. Mwisho wa wiki una kalibu kamili, na wiki inayofuata unauza. Mikunjo yote ambayo Meyers aliifikiria kwa miezi, ile miteremko ya kutoka kwa urahisi, ndiyo hiyohiyo iliyomrahisishia mwigaji kazi. Bodi iliyotoka vizuri kwenye kalibu ya Meyers ilitoa kalibu nzuri kwa kila mtu.

Meyers alikuwa na hataza. Alipomfikisha mahakamani mmoja wa waigaji, alishindwa, na tangu hapo mlango ukawa wazi. Watengenezaji wakaota kila kona ya Marekani, kisha nje. Kampuni yake ilitoa kama Manx 6,000. Nakala zilikuwa mara nyingi zaidi ya hizo. Mwaka 1970 aliondoka kwenye kampuni yake mwenyewe, na mwaka uliofuata ikafungwa.

Nimelibishania hili na wenzangu na hatujakubaliana. Wapo wanaosema aliibiwa, basi. Mimi naona pia upande wa pili: yeye mwenyewe alikuwa ameegemea kazi ya Volkswagen, na uamuzi wake wa kumwachia mteja akate na kuchomelea ulikuwa tayari umetangaza kwamba gari hili mtu yeyote anaweza kulitengeneza. Huwezi kumfundisha mtu kukata chesisi kisha ukashangaa anapojifunza na faiba. Lakini mimi sikukaa kortini nikisikia kazi yangu ikitolewa bure, kwa hiyo maneno yangu ni mepesi.

Moyo wa kazi hii haukubaki Marekani. Kenya kuna Rhino Charge, ilianza mwaka 1989, ambako timu zinapewa saa 10 kufikia vituo 13 vilivyotawanywa porini, na mshindi si mwenye kasi bali aliyetumia umbali mfupi kabisa. Ukipita njia fupi maana yake unapita korongoni. Magari mengi ya mbele kwenye mashindano hayo hayauzwi popote. Yametengenezwa kwa mabomba yaliyopindwa na kuchomelewa gereji, kwa maswali yaleyale ya Meyers: tumbo liko juu kiasi gani, ekseli zimeachana kiasi gani, uzito uko wapi. Fedha zinazochangwa zilisaidia kujenga uzio wa kama kilomita 400 kuzunguka milima ya Aberdare, uliokamilika mwaka 2009.

Meyers alikaa miaka mingi hataki hata kuzungumzia bagi. Mwaka 1994 alialikwa Le Mans, Ufaransa, kwenye mkusanyiko wa wapenzi wa magari haya. Ulaya palikuwa na viwanda kama Apal cha Ubelgiji na GP cha Uingereza vilivyokuwa vimetengeneza bagi zao kwa miaka, kwa hiyo nyingi ya zile zilizompokea hazikuwa zimepita kwenye kalibu yake. Wenyewe walimshangilia. Alirudi nyumbani, na mwaka huohuo yeye na mkewe wakaanzisha klabu ya wenye bagi, na baadaye, akiwa amevuka miaka 70, akaanza tena kutoa bodi. Alifariki Februari 2021 akiwa na miaka 94. Old Red bado ipo, nyekundu vilevile, na tangu 2014 imo katika orodha ya magari ya kihistoria ya Marekani.